Hesabu pumzi kwa dakika nzima

Wenzangu mnaopokea wagonjwa visiwani na kando ya ziwa, anayelia kwa maumivu angalau njia yake ya hewa iko wazi. Wa kumkimbilia kwanza mara nyingi ni yule aliyenyamaza kwenye benchi, jasho la baridi linamtoka, anakujibu neno moja moja kwa sababu pumzi haimfikishi mwisho wa sentensi.

Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Tafadhali usikadirie, wala usijaze 20 kwa mazoea. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Zikifika 25, au zikishuka hadi 8, huyo ni wa dharura hata kama presha inasoma vizuri, maana presha huchelewa kushuka. Bonyeza ukucha sekunde 5, achia, uone rangi inarudi upesi kiasi gani. Ikizidi sekunde 3, damu haimfikii vizuri. Muulize ndugu yake kama ameanza kuchanganyikiwa leo. Pima sukari.

Anayevushwa kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kwenda hospitali ya Bugando jijini Mwanza, mhesabie tena kabla feri haijaondoka, na mtungi wa oksijeni uukague mwenyewe.