Kufikia seva ya ofisini ukiwa nyumbani, kwa SSH

Hifadhidata iko ofisini Upper Hill, wewe uko Umoja, na mvua imeifunga Jogoo Road. Kuna wanaomwomba msimamizi wa mtandao aifungue poti 5432, yaani mlango wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kwa intaneti nzima. Jamani, hapana. Ikiwa kuna mashine moja ya ofisi inayofikika kutoka nje kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa mawasiliano yaliyosimbwa), tuiite lango, hiyo yatosha. Pata ruhusa kwanza.

Kwenye terminali ya laptopu yako, tengeneza ufunguo wa kuingilia langoni, uuwekee nenosiri:

ssh-keygen -t ed25519

Faili inayoishia na .pub ndiyo ya kumpa msimamizi. Ile nyingine haitoki kwenye laptopu yako, hata bosi akiiomba kwa WhatsApp.

Sasa fungua handaki, yaani njia inayopitisha data yako ndani ya SSH hadi ofisini:

ssh -N -L 5433:10.0.0.12:5432 jina@anwani-ya-lango

5433 ni poti ya laptopu yako. Nimeiepuka 5432 kwa kuwa huenda una PostgreSQL yako inayoitumia. 10.0.0.12 ni hifadhidata, na hapa ndipo wengi hukwama: anwani hiyo ya katikati inasomwa na lango, si na laptopu. Ukiandika localhost mahali hapo, umetaja lango lenyewe, na kama hifadhidata haiko humo utajibiwa "Connection refused" mpaka uchoke. Kwa sababu ya -N, dirisha litanyamaza tu. Liache wazi, kazi inaendelea.

Kwenye programu yako ya hifadhidata andika localhost, poti 5433. Jina na nenosiri la hifadhidata ni yale yale ya siku zote. Ila jua kwamba SSH inasimba data kutoka kwako hadi langoni tu. Kipande cha ndani ya ofisi hakimo.

Kuepuka kuandika amri ndefu kila asubuhi, weka haya kwenye ~/.ssh/config, faili ya mipangilio ya SSH kwenye laptopu yako:

Host ofisi
  HostName anwani-ya-lango
  User jina
  LocalForward 5433 10.0.0.12:5432
  ServerAliveInterval 60

Kisha ni ssh -N ofisi, basi.

MASWALI

Mwalimu, lazima niguse ruta ya nyumbani?
Hapana. Muunganisho unaanzia kwako kwenda nje, kwa hiyo hakuna cha kufungua.

Naambiwa "Address already in use".
Handaki la awali bado liko hai, au programu nyingine imeikalia poti hiyo. Lifunge, au badilisha ile namba ya kwanza.

Yangu inasema "administratively prohibited", mkuu.
Mara nyingi AllowTcpForwarding, mpangilio unaoruhusu mahandaki, imezimwa kwenye lango. Ongea na msimamizi, usimzunguke.

Na stima ikipotea?
Ruta ikizima, handaki limekufa. Kwa ule mpangilio wa ServerAliveInterval wa sekunde 60, SSH hujikatia yenyewe baada ya kama dakika 3 bila jibu, badala ya kuganda. Stima ikirudi, anzisha upya. Ukichoka kufanya hivyo kwa mkono, sakinisha autossh, programu inayoianzisha SSH upya yenyewe.