Dawa Ikikausha Kinywa: Namna ya Kukilainisha Bila Kuyaua Meno

Kinywa kilichokaushwa na dawa hujitambulisha asubuhi. Ulimi umegandia kaakaa, pembe za midomo zimechanika, na andazi halishuki mpaka lisukumwe na chai. Wengi hukimbilia pipi, soda, ubuyu wa sukari au kipande cha limao, na hapo ndipo hasara inapoanza. Ukavu unakera, lakini kinachotoboa meno ni kile unachokinyonya kutwa nzima ili kuuondoa.

Mtu mzima mwenye afya hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na hayo si maji matupu. Yamebeba kalsiamu na fosfeti za kuziba mikwaruzo midogo ya meno, na bikaboneti ya kupoza asidi. Kila ukila kitu chenye sukari, bakteria hutengeneza asidi. pH (kipimo kinachoshuka asidi inapozidi) ikifika chini ya 5.5, ngozi ngumu ya jino huanza kuyeyuka, na mate ndiyo huirudisha pH juu. Mate yakipungua, asidi inakaa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mtu aliyefika miaka 50 bila jino bovu anaweza kuanza kutoboka shingoni mwa meno, pale yanapokutana na ufizi, baada ya kuanza kidonge kipya.

Mtafute mhusika kwanza

Toa dawa zote, pamoja na zile za mitishamba na za mafua zilizosahaulika kwenye mkoba, uzipange mezani. Soma jina dogo lililo chini ya jina la biashara. Kundi linalokausha zaidi ni lile linalozuia ujumbe wa neva usifike kwenye tezi za mate: amitriptyline (hutolewa kwa maumivu ya neva, miguu inayowaka moto kwa wenye kisukari, na sonona), chlorpheniramine (watu huiita Piriton), promethazine, hyoscine ya tumbo linalokata, oxybutynin ya kibofu, benzhexol, chlorpromazine na olanzapine. Za kukojoza kama furosemide, hydrochlorothiazide na bendroflumethiazide hukausha kwa njia nyingine, kwa kupunguza maji mwilini. Tramadol, codeine na morphine nazo zimo.

Mtego mkubwa ni kurundika. Mzee anakunywa amitriptyline kila usiku na ameizoea. Mwezi wa saba baridi ya Arusha inampa mafua, mjukuu anamletea vidonge vya mafua vya mchanganyiko, na ndani yake mna chlorpheniramine. Sasa dawa mbili zinazima tezi zilezile. Kinywa kinakuwa kama gunia, choo kinakuwa kigumu, macho yanaona ukungu. Haja ndogo ikigoma kabisa, au mzee akianza kuchanganyikiwa na kuongea mambo yasiyoeleweka, hilo si la kusubiri kesho. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo na pakiti zote mkononi.

Usisahau kisukari pia. Kama kiu inaandamana na kukojoa mara kwa mara usiku na kupungua uzito, pima sukari kabla ya kukilaumu kidonge.

Pima mate, usikisie

Nunua duka la dawa bomba la sindano la 5 ml, lisilo na ncha, na tafuta kikombe kidogo kisafi. Pima asubuhi, dakika 90 au zaidi baada ya kula, kunywa, kupiga mswaki au kuvuta sigara. Kaa wima, inamisha kichwa mbele kidogo, meza mate yaliyopo, kisha tazama saa. Kwa dakika 10 usimeze, usitafune, usiongee; acha mate yajikusanye na kuchuruzika kikombeni yenyewe. Ukiyavuta kwa ulimi na mashavu utapata hesabu ya uongo, maana kunyonya kunaamsha tezi. Mwisho tema yaliyobaki, vuta yote kwa bomba, usome mistari. Povu lisihesabiwe, gonga bomba kwa kidole mpaka lipande juu.

Mtu wa kawaida hupata kama 3 hadi 4 ml. Chini ya 1 ml ni upungufu wa kweli, na mwenye hesabu hiyo amwone daktari wa meno hata kama hakuna jino linalouma. Ukipata 3 ml na bado unahisi ukavu, huenda tatizo ni kulala mdomo wazi, wasiwasi, au mate yamekuwa mazito. Andika tarehe, saa na kiasi.

Karatasi hiyo ndiyo inayofanya mazungumzo na daktari yawe mafupi. Ukishamwamkia, sema hivi: “Daktari, kidonge hiki nimekianza tarehe fulani, kinywa kimekauka tangu wiki ile, mate ni nusu mililita kwa dakika kumi. Natumia na hivi vingine. Je, tunaweza kupunguza dozi, kubadilisha muda au kubadilisha dawa?” Kila swali kati ya hayo matatu lina jibu. Dozi ndogo mara nyingi hukausha kidogo. Muda nao una maana: usiku mate hushuka karibu na sifuri hata kwa mtu mzima wa afya, kwa hiyo dawa ya kukausha ikifika kilele usingizini, mambo hujumlishana.

Usiache dawa kwa uamuzi wako. Presha hupanda kimyakimya, na amitriptyline ikikatwa ghafla huleta kichefuchefu, kichwa kuuma na usingizi wa mang'amung'amu.

Maji: kidogo, mara nyingi

Kugida lita nzima kwa mkupuo hakusaidii. Yanapita, dakika tano baadaye kinywa kiko palepale, na wewe uko njiani kwenda msalani. Piga funda dogo, kama kijiko kimoja cha chakula (15 ml), lizungushe mpaka lifike chini ya ulimi na ndani ya mashavu, kisha meza. Rudia kila robo saa. Chupa ya nusu lita inatosha mafunda 33, yaani saa nane hivi za kazi, iwe uko dukani au kwenye daladala. Mgonjwa wa moyo au figo aliyepangiwa kipimo cha maji ahesabu chupa hiyo ndani ya kipimo chake, au asukutue na kutema.

Kwa wanaokaa chini ya Mlima Meru kuna jambo la ziada. Maji ya visima na mito kadhaa huko, Ngarenanyuki na Maji ya Chai yakiwemo, yana floraidi nyingi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia ya watu waliokulia huko yametokana na hiyo. Mtu mwenye kinywa kikavu hunywa maji mengi kuliko wenzake, kwa miaka, na floraidi ikizidi hulenga mifupa. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapopungua sufuriani, floraidi inabaki, kwa hiyo kila lita inakuwa nayo zaidi. Tumia maji ya mvua yaliyovunwa vizuri, au yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi pale kituo cha Ngurdoto. Chujio hilo huchoka. Mkaa usipobadilishwa, maji yanatoka kama yalivyoingia.

Maji ya kusukutua

Chukua glasi moja ya maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa (250 ml), robo kijiko cha chai cha beking soda, na chumvi nusu ya hiyo robo. Koroga mpaka yawe maangavu. Sukutua nusu dakika, tema, usimeze, hasa ukiwa na presha. Fanya hivyo baada ya kila mlo na kabla ya mswaki wa usiku. Yanapoza asidi na kulegeza mate mazito yanayonata kama gundi. Tengeneza mapya kila siku.

Hapa watu wa Kilimanjaro na Arusha wanakosea kwa jambo moja: magadi si beking soda. Magadi yale ya kulainishia maharage na kiburu ni makali zaidi, yanaunguza kinywa kikavu, na mengi yana floraidi. Beking pauda nayo siyo, kwa kuwa imechanganywa na asidi na wanga. Dawa za kusukutua za dukani zenye alkoholi ziache rafuni, zinakausha.

Mswaki

Tumia mswaki laini asubuhi na usiku, na dawa ya meno ambayo ubavuni imeandikwa floraidi kati ya 1,000 na 1,500 ppm. Ukimaliza, tema tu. Usisukutue kwa maji. Ile tabaka nyembamba inayobaki ndiyo inayofanya kazi usiku wakati mate hayapo. Kuna wanaosema, “Sisi wa Arusha tuna floraidi ya kutosha menoni, dawa yake hatuhitaji.” Si kweli. Madoa ya utotoni hayakingi jino. Yakiwa makali, jino huwa na vishimo na hubanduka upesi. Dawa unayoitema haina uzito wa maji unayoyanywa. Mswaki wa mti unasugua vizuri, ila hauna floraidi, na ufizi mkavu unachanika kirahisi, kwa hiyo uwe wa nyongeza.

Daktari wa meno anaweza kukuandikia dawa ya meno ya 5,000 ppm au kukupaka floraidi nzito kliniki. Mwenye mate chini ya 1 ml amwone kila baada ya miezi mitatu hadi sita.

Cha kutafuna, cha kuacha

Kutafuna kwenyewe kunaamsha tezi zilizobaki na uhai. Jojo isiyo na sukari, yenye zailitoli (kitamu mbadala wa sukari, pakitini huandikwa xylitol), itafunwe dakika 10 hadi 20 baada ya chakula; inapatikana supamaketi za mjini, soma pakiti. Iweke mbali na mbwa, zailitoli inamuua. Usipoipata, tafuna karoti au tango. Limao na ukwaju kweli huleta mate papo hapo, lakini ni asidi juu ya meno yasiyo na kinga. Bei yake utailipa kwenye kiti cha daktari wa meno. Chai ya sukari inayonywewa kidogo kidogo asubuhi hadi mchana ni mbaya kuliko vikombe viwili vilivyonywewa na kwisha. Kahawa chungu kikombe kimoja sawa, kashata yake hapana. Mbege, konyagi, sigara, ugoro na mirungi vyote vinakausha.

Kwenye chakula, Mchagga ana bahati: mtori umeumbwa kwa kinywa hiki. Uwe mwepesi, vuguvugu, nyama imepondwa, bila pilipili. Ugali ushushwe kwa mlenda, makande yaongezewe mchuzi, viazi vipondwe na parachichi. Mtindi usio na sukari unateleza vizuri. Nyama choma kavu na chipsi kavu zitakukaba.

Usiku

Weka glasi ya maji kando ya kitanda, si soda. Pua ikiziba, isafishe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, maana anayepumulia mdomo huamka na kinywa cha mbao. Lala ubavu. Paka midomo mafuta mazito ya mgando. Jiko la mkaa lisiingie chumbani kwa ajili ya baridi. Kukausha hewa ni dogo, hewa yake inaua.

Meno ya bandia yatolewe usiku, yasuguliwe, yalowekwe kwenye maji. Yakilazwa kinywani, fangasi hupata pa kujificha. Ukiona utando mweupe unaobanduka na kuacha wekundu, au ulimi mwekundu unaowaka, huenda ni fangasi. Zinatibika kwa dawa ya kuzungusha mdomoni kama nystatin. Anayetumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) asipake jeli ya miconazole bila daktari kujua, huongeza hatari ya kutoka damu. Anayevuta beclometasone kwa pumu asukutue na kutema kila mara baada ya kuvuta.

Vidonge vinavyonasa

Kinywa kikavu hukwamisha vidonge kooni, na doxycycline au madini ya chuma vikilala pale huunguza. Lowesha kinywa kwanza, kisha meza kwa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa wima, na usilale kwa nusu saa. Wenye kidonge cha moyo cha kuweka chini ya ulimi wapige funda la maji kabla, kwa sababu bila unyevu hakiyeyuki na maumivu ya kifua yanaendelea.

Uvimbe chini ya taya au mbele ya sikio wenye maumivu, homa au usaha mdomoni ni maambukizi ya tezi. Hospitali, siku hiyohiyo.

Baada ya wiki nne za mpango mpya, pima tena kwa bomba lilelile, saa ileile, ukiwa umekaa vilevile, na uandike chini ya namba ya kwanza. Ikiwa imebaki palepale, rudi kwa daktari na karatasi, na uulize kuhusu mate ya kutengenezwa au dawa ya kuamsha tezi kama pilocarpine. Mwenye pumu au presha ya macho aseme mapema kabla haijaandikwa.