Jinsi ninavyosoma wasifu wa Voltaire na Émilie du Châtelet

Wasifu wa hawa wawili, Voltaire mwandishi na Émilie mwanasayansi, Wafaransa wa karne ya 18, huandikwa usomeke kama riwaya. Wanapendana 1733, mwaka unaofuata Voltaire anasakwa kwa sababu ya kitabu chake, anajificha Cirey, kwenye kasri la mume wa Émilie, na mume hana neno. Utamu huo usiukatae. Ila shika penseli, na kabla ya sura ya kwanza pitia tanbihi zilizo nyuma.

Kila ukikuta maneno ya faraghani, uliza: nani alikuwepo? Barua walizoandikiana wenyewe karibu zote zimepotea. Habari nyingi za ndani ya Cirey, nani kanuna mezani, nani kamfokea nani, zinatoka kwa Madame de Graffigny, mgeni aliyefika Desemba 1738 akawa anamwandikia rafiki yake kila kitu. Ana jicho kali, na anachekesha. Lakini Émilie alimtuhumu kuvujisha shairi la Voltaire ambalo lingeweza kumrudisha gerezani, na Februari mgeni akaondoka na kinyongo. Mimi huandika G pembezoni kila ninapomnusa, kisha naangalia tarehe: kabla ya ugomvi Cirey ni pepo, baada yake ni jela. Mwandishi anayezichanganya barua hizo bila kusema lolote simwamini tena.

Halafu pima kurasa. Kwenye shindano la Akademia ya Sayansi ya Paris kuhusu asili ya moto, Voltaire alipeleka insha. Émilie, asiyekubaliana naye, akaandika yake usiku kwa siri. Wote walishindwa, na Euler, mwanahisabati mashuhuri, alikuwa miongoni mwa washindi. Kisa hiki kikipewa mistari mitatu na almasi za Émilie kurasa mbili, unasoma umbea. Tafuta pia kitabu chake cha fizikia cha 1740: humo anayakaribisha mawazo ya Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani, ambayo Voltaire hakuyataka. Wanaomwita mwanafunzi tu wa Voltaire, mwanafunzi gani huyo?

Sura za mwisho soma polepole, maana barua za Émilie kwa Saint-Lambert, baba wa mtoto aliyemzaa akiwa na miaka 42, zipo. Alifariki Septemba 1749, siku chache baada ya kujifungua, tafsiri yake ya kitabu cha Newton ikiwa imekamilika. Waandishi wawili wakikupa miaka tofauti ya kuchapishwa kwa tafsiri hiyo, usihangaike: ya 1756 ilikuwa pungufu, nzima ilitoka 1759.