Uyoga wa mamama: anza na kikaango kikavu
Ukinunua uyoga wa mamama (oyster), tafadhali usiuloweke. Karibu asilimia 90 yake tayari ni maji. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha uchane kwa mkono kufuata nyuzi zake. Bandika kikaango kikavu kwenye moto mkali, tandaza uyoga bila kuurundika, halafu uache kwanza. Utatoa maji, yatakauka, na kingo zitaanza kuwa za kahawia. Hapo ndipo utie mafuta, kitunguu saumu na chumvi. Chumvi ikitangulia, maji hutoka mengi na uyoga huchemka badala ya kukaangika. Vikonyo vigumu usitupe, vinatoa supu tamu sana! Uyoga mbichi unaobaki uweke kwenye mfuko wa karatasi. Ndani ya nailoni huanza kuteleza na kunuka upesi.