Kutua Kanada kwa barabara: jinsi ya kuvuka mpaka na kuanza ukaazi wa kudumu

Barua ya kukubaliwa haikufanyi mkaazi wa kudumu wa Kanada, na viza iliyobandikwa kwenye pasipoti haikufanyi pia. Unakuwa mkaazi pale afisa wa mpakani anapokuhoji, akatia saini na tarehe kwenye hati yako ya uthibitisho, ile ambayo kila mtu huiita COPR, nawe ukatia yako. Hadi hapo wewe ni mgeni mwenye karatasi nzuri. Kitendo hicho huitwa kutua, hata kama umefika kwa gari na ndege hukuiona.

Njia hii ni ya nani

Aliyeko Nairobi, Dar es Salaam au Kampala hana sababu ya kuhangaika na mpaka wa nchi kavu. Ndege ya Addis Ababa hadi Toronto inamfikisha mbele ya afisa mwenye mamlaka yale yale, na haombwi viza ya Marekani. Barabara inamfaa aliye tayari Marekani: mfanyakazi wa Minnesota, mwanafunzi wa Ohio, familia ya Seattle iliyo mwendo wa saa mbili tatu kutoka mpakani.

Aliye ndani ya Kanada naye hahitaji kwenda mpakani. Idara ya uhamiaji, IRCC, humkamilishia mambo mtandaoni na kumpa COPR ya kielektroniki. Zamani watu walitoka hadi upande wa Marekani, wakageuza gari na kurudi papo hapo, mchezo ulioitwa kuzunguka mlingoti wa bendera. Kwa vibali vya kazi na masomo mlango huo ulifungwa usiku wa tarehe 23 Desemba 2024, wakabaki makundi machache tu yaliyoruhusiwa. Kwa hiyo mtu akikupa maelekezo ya mwaka 2019, msikilize kwa adabu kisha uyaache.

Tarehe iliyo kwenye COPR

Hati hii ina mwisho, na mwisho huo hauongezwi. Kwa kawaida hufuata vipimo vya afya, ambavyo hudumu miezi 12, au pasipoti ikiwa ndiyo inayoisha mapema. Ikipita kabla hujatua, huenda ukaanza maombi upya na kulipa ada upya.

Usipange kuvuka wiki ya mwisho. Theluji ya ziwa inaweza kufunga barabara za Buffalo kwa siku nzima, gari linaweza kukuharibikia katikati ya Dakota Kaskazini, mtoto anaweza kuugua. Jipe angalau mwezi mmoja wa akiba.

Hati ikifika, soma kila herufi. Majina yetu ndiyo yanayoongoza kwa makosa: Mohamed na Mohammed, jina la babu lililorukwa, jina la tatu lililogeuzwa kuwa la ukoo. Linganisha na pasipoti, si na cheti cha kuzaliwa. Ukiona kosa, waandikie IRCC kupitia fomu yao ya mtandaoni kabla ya kusafiri. Likishatiwa saini, kulirekebisha ni ombi jingine lenye foleni yake.

Familia: hapa ndipo watu wanapoumia

Mezani afisa atauliza kama hali yako ya ndoa au idadi ya wategemezi wako imebadilika tangu uombe. Swali linaulizwa kwa sauti ya kawaida kabisa, na ndilo zito kuliko yote utakayoulizwa siku hiyo. Kanuni za uhamiaji za Kanada zinasema mke, mume au mtoto ambaye hukumtaja na hakukaguliwa wakati unakuwa mkaazi, hutaweza kumleta baadaye kama mtu wa familia yako. Kumekuwa na utaratibu wa muda wa kuwaokoa baadhi ya walionaswa hapo, lakini utaratibu wa muda si mahali pa kuegemeza ndoa.

Kwetu jambo hili hujificha kwenye vitu ambavyo watu hawavihesabu kuwa ni mabadiliko. Nikaha iliyofungwa nyumbani wiki mbili kabla ya safari ni ndoa, hata kama cheti bado hakijatoka. Ndoa ya kimila ambayo mahari yake yamepokelewa nayo itaje. Talaka ni mabadiliko. Mtoto aliyezaliwa baada ya kuomba ni mtegemezi, na hata yule anayelelewa na bibi yake Mombasa, ambaye hana mpango wa kuhamia, alipaswa kutajwa na kupimwa afya.

Ukiwa na badiliko lolote la namna hiyo, usiende mpakani. Waarifu IRCC, subiri maelekezo, vumilia kucheleweshwa kwa miezi. Ukilisema kwa mara ya kwanza mezani, afisa atasimamisha kutua. Ukilinyamazia, umedanganya, na uongo huo unaweza kukuvua ukaazi miaka mingi baadaye.

Jambo jingine la familia: kila mtu ana COPR yake, hata mtoto wa mwaka mmoja, na kila mtu lazima afike mwenyewe. Muombaji mkuu hutua kwanza au pamoja na wenzake. Mke na watoto hawawezi kumtangulia. Mzazi anayesafiri na watoto peke yake abebe barua ya idhini ya mzazi mwenzake, yenye simu ya kupigiwa.

Mfuko wa karatasi

Weka hivi mahali pamoja, ndani ya gari, si kwenye buti chini ya masanduku:

- pasipoti yenye viza ya uhamiaji (Wakenya, Watanzania na Waganda wote wanaihitaji; viza hiyo ni ya kuingia mara moja);
- COPR ya kila mmoja, isiyotiwa saini bado. Usiisaini nyumbani;
- picha mbili za kila mtu, milimita 50 kwa 70. Vituo vingine haviziombi, lakini picha iliyosahaulika Detroit haipatikani kwa urahisi ukiwa darajani;
- ushahidi wa fedha, kwa walioingia kwa mpango wa wenye ujuzi wa shirikisho bila ofa ya kazi. Viwango hubadilika kila mwaka. Vya Julai 2025 vilikuwa dola 15,263 za Kanada kwa mtu mmoja na 28,362 kwa familia ya watu wanne. Barua ya benki na taarifa za akaunti zinatosha, si lazima noti;
- orodha mbili za mali, nakala mbili kila moja;
- anwani kamili ya Kanada, pamoja na postikodi.

Ukibeba fedha taslimu, hundi za benki au hundi za wasafiri zenye thamani ya dola 10,000 za Kanada au zaidi, lazima uzitaje. Dola hizo ni za Kanada: kwa viwango vya miaka ya karibuni, dola 7,500 za Marekani zinaweza kuwa zimeshavuka mstari. Marekani nayo inataka taarifa yake kwa anayetoka na zaidi ya dola 10,000 za kwao. Kubeba si kosa. Kunyamaza ndiko kunakofanya fedha zikamatwe.

Orodha za mali

Watu huziona kama usumbufu, kisha hujuta kontena linapofika. Fomu ya forodha ni BSF186. Orodha ya kwanza ni ya ulichonacho siku hiyo. Ya pili ni ya vitu vitakavyofuata baadaye. Hiyo ya pili lazima iwasilishwe siku ya kutua, hata kama umevuka na begi moja la mgongoni. Usipoiwasilisha, vitu vitakavyofuata vinaweza kutozwa ushuru kama bidhaa za kawaida.

Andika kila kitu na thamani yake, na namba ya utambulisho wa kifaa (serial number) pale ilipo. "Vyombo vya jikoni, dola 300" inakubalika. "Vitu mbalimbali" itakurudisha nyuma. Dhahabu za harusi zipige picha moja moja, ambatanisha karatasi ya sonara yenye uzito na thamani. Msamaha wa ushuru ni kwa vitu ulivyovimiliki na kuvitumia kabla ya kuja. Televisheni iliyo ndani ya boksi lake haijatumika. Na ukiuza kitu ndani ya miezi 12 tangu kukiingiza, ushuru wake unarudi.

Gari lenyewe ni somo zima. Ukitaka kulihamisha, forodha ya Marekani inahitaji hati za umiliki saa 72 kabla ya kulitoa, na upande wa Kanada kuna usajili wa magari yaliyoingizwa na ukaguzi wake. Ushauri wetu: tua kwanza, gari lifuate kwa safari yake, ukiwa umeliandika kwenye orodha ya pili.

Kuchagua kituo na siku

Vituo vikubwa hutua watu kila siku na maafisa wake wanaijua kazi: Peace Bridge kati ya Buffalo na Fort Erie, Ambassador Bridge kati ya Detroit na Windsor, Emerson kwa wanaotoka Minnesota na Dakota Kaskazini kwenda Winnipeg, Lacolle kwa wanaoelekea Montreal, na Pacific Highway kwa wanaotoka Seattle. Rainbow Bridge ya Niagara Falls unaweza kuivuka hata kwa miguu. Ambassador Bridge haipitishi waenda kwa miguu. Vituo vidogo vya mashambani viepuke, kwani vingine hufungwa usiku.

Nenda katikati ya wiki, asubuhi. Epuka tarehe 1 na 4 Julai, na wikiendi ndefu zote za nchi hizi mbili.

Mpakani, hatua kwa hatua

Kwenye kibanda cha kwanza zima redio, shusha vioo vyote, mpe afisa pasipoti na COPR za wote. Sema mara moja kwamba unakuja kutua kama mkaazi wa kudumu. Usijibu "natembelea" kwa mazoea, hata kama unarudi Marekani kesho yake. Atauliza kuhusu silaha, pombe, chakula na fedha. Taja dagaa, nyama iliyokaushwa na viungo vyote. Kilichotajwa kikikataliwa kinatupwa tu; kilichofichwa huleta faini.

Atakupa kikaratasi na kukuelekeza pa kuegesha. Ndani kuna meza ya uhamiaji. Afisa atauliza kama umewahi kuhukumiwa kwa kosa, kama familia imebadilika, unakwenda kuishi wapi. Aliyepata ukaazi kwa kuteuliwa na jimbo la Kanada awe na jibu linalolingana na jimbo hilo: mtu wa Saskatchewan anayetaja nyumba aliyokwisha kukodi Toronto anajiletea maswali asiyoyahitaji. Kisha mnasaini. Soma tena jina na tarehe ya kuzaliwa kabla kalamu haijagusa karatasi.

Baada ya hapo ni meza ya forodha. Toa orodha zako, afisa azigonge muhuri, uondoke na nakala yako. Pakiwa patulivu, yote huisha kwa saa moja. Pakijaa, hesabu saa tatu nne na uwe na chakula cha watoto.

Kama unarudi Marekani kumalizia mambo

Wengi hutua, hulala usiku mmoja, kisha hurudi kumaliza mkataba wa kazi. Inaruhusiwa, mradi katika kila miaka 5 uwe ndani ya Kanada siku zisizopungua 730.

Tatizo huwa ni kurudi upande wa kusini. Ikiwa viza yako ya Marekani imeisha lakini rekodi ya I-94, inayoonyesha kuingia kwako na muda ulioruhusiwa kukaa Marekani, bado ni hai, kuna kanuni inayoruhusu kurudi kutoka Kanada ndani ya siku 30 bila viza mpya, ilimradi hukuomba viza nyingine ukiwa huko. Mwenye viza ya kazi ya H-1B hana shida kubwa. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 awe na I-20, hati anayopewa na chuo chake, yenye saini ya safari, na ajiandae kuulizwa kwa nini mwenye ukaazi wa Kanada anadai bado ni mwanafunzi wa kupita. Mwenye grinkadi, yaani ukaazi wa kudumu wa Marekani, atafakari kwanza kama yuko tayari kuiweka rehani.

Aliyepitisha muda wake Marekani asidhani barabara inamficha. Nchi hizi hupeana taarifa za wanaovuka. Akiwa amepitisha zaidi ya siku 180, akitoka anafungiwa miaka 3; akiwa amepitisha mwaka mmoja au zaidi, miaka 10. Anaweza kutua Kanada, ila safari yake iwe ya kwenda tu.

Kadi na karatasi inayobaki

Kadi ya kwanza ya ukaazi ni bure na hutumwa kwa posta, kwa anwani ya Kanada pekee. Ya rafiki inakubalika. Mwambie abandike jina lako kwenye sanduku lake la barua. Usipotoa anwani ndani ya siku 180, utaiomba upya na kulipa dola 50.

Ndege, basi na treni vitakudai kadi hiyo ili vikurudishe Kanada. Gari la binafsi halidai: ukiwa nje na kadi haijafika, fika mpakani kwa gari lako, la kukodi au la rafiki, ukiwa na pasipoti na COPR iliyosainiwa.

Namba ya bima ya jamii, SIN, hupatikana siku hiyo hiyo kwenye ofisi ya Service Canada bila malipo. Kadi ya afya hutegemea jimbo: Ontario haina tena kipindi cha kusubiri, British Columbia inacho, mwezi unaobaki pamoja na miwili mingine, kwa hiyo nunua bima binafsi ya kuziba pengo hilo.

COPR yenyewe usiipeleke kwenye laminesheni wala usiitupe kadi ikifika. Piga nakala, ya asili iweke kwenye bahasha kavu. Utaulizwa tarehe yake ukiomba uraia, na tena siku ya kudai pensheni ya uzeeni.