Usingoje wingu: pampu itoke mtoni jua likiwa bado linawaka

Wakulima wa Garissa, Madogo na nyinyi wa huko chini Hola, naandika hii kwa sababu nimechoka kuona pampu zikifukuliwa kwenye tope. Kila mafuriko ni hadithi ile ile, mtu anaangalia juu, hakuna wingu, jua kali mpaka mbuzi wamejibanza chini ya miti ya mathenge, anasema leo mto hauna neno. Usiku maji yanaingia shambani ndio anakumbuka pampu, anaingia majini na tochi ya simu mdomoni.

Jameni, mto Tana haungoji mvua ya Garissa. Unajazwa na mvua ya Aberdare na Mlima Kenya, na mabwawa ya Seven Forks yakijaa, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yanamwaga tu. Na usiniambie mabwawa hayajatangazwa kujaa kwa hivyo tuko sawa, maana mito ya Mutonga na Kathita inaingia Tana chini ya Kiambere, hiyo hakuna wa kuizuia. Ukisikia Meru na Embu kumenyesha siku mbili mfululizo, hiyo ndio mvua yako.

Sasa kigingi cha kupimia maji. Kipige ukingoni, alama kila sentimita 10, ukisome saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, sio eti "nikipita nitaangalia". Maji yakipanda alama moja tangu ulivyosoma mara ya mwisho, tafuta mkokoteni wa punda na uanze kulegeza bolti. Alama mbili, pampu inatoka saa hiyo hiyo. Spana uifunge na waya kwa pampu yenyewe, kuna jamaa alizunguka nyumba tatu akitafuta spana huku mpira wa kuvuta maji umeshabebwa. Na uipeleke kupita pale maji yalifika Novemba 2023 na Aprili 2024. Chini ya mwembe mita 30 kutoka mtoni hujahamisha kitu, umeisogeza tu.

Kusoma asubuhi kuna sababu, ukiona alama mapema kazi inaisha kabla ya saa 4. Hapa kwetu mwezi wa 3 joto linapita digrii 35, na watu wanabeba chuma saa 7 mchana! Glasi moja ya maji kila dakika 20, kiu iwepo isiwepo. Waliofunga wabebe baada tu ya swala ya alfajiri ama wawaachie wengine. Mwenzako akianza kuongea maneno hayaeleweki, acheni pampu, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima mkimpepea, tafuteni gari la hospitali, na msimlazimishe kunywa.

Kama umechelewa, umechelewa. Maji ya kasi ya sentimita 15 tu, hata goti hayajafika, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na mamba hajui kama pampu ilikuwa ya mkopo wa sacco. Aprili 2024 boti ilizama pale Kona Punda watu wakafa, na hapo ni barabara iliyofunikwa na maji, sio mto wenyewe.

Maji yakishuka na pampu iko kavu, basi, rudisha uendelee.

Kigingi kiwe cha mathenge, imejaa kila mahali na ni ya bure. Mwaka jana nilikuta mtu amepiga cha mpapai.