Kupanga klipu za video: mtumbwi wa Kibirizi upatikane hata baada ya miaka mitatu

Anayepiga video Kigoma kwa mwaka mmoja tu hujikuta na harusi za Mwanga, mikutano ya Kasulu, dagaa wakianikwa Katonga na sokwemtu wa Gombe, vyote vimelala kwenye diski kwa majina kama C0012.MP4 na MVI_4471.MOV. Diski ikiwa moja, kichwa kinatosha kukumbuka. Ikifika ya tatu, mteja akaomba "zile za wavuvi wakirudi alfajiri", utakesha ukifungua klipu moja moja. Klipu hutafutwa kwa maneno, kwa hiyo maneno hayo yaamuliwe mapema na yaandikwe kwa namna moja. Mengine yote ni maandalizi tu.

Anza na kadi. Nakili folda yote kama ilivyo, usichague klipu pekee. Kamera nyingi za Sony huweka video ndani ya PRIVATE/M4ROOT/CLIP, na kila C0012.MP4 ina mwenzake C0012M01.XML wenye taarifa za rekodi. GoPro nayo hukata rekodi ndefu vipande: GX010034 na GX020034 ni rekodi moja, na tarakimu mbili baada ya GX ni namba ya kipande. Ukizipanga kwa jina, kipande cha pili kitakaa mbali na cha kwanza, baada ya rekodi nyingine kabisa. Ziangalie hizi kabla hujabadilisha jina lolote.

Ukimaliza kunakili, linganisha idadi ya faili na ukubwa wa jumla kati ya kadi na diski, kisha cheza mwisho wa klipu kadhaa. Mwisho, maana umeme ukikatika katikati ya kunakili, faili huweza kubaki na jina na ukubwa kamili huku ndani ikiwa nusu. Nakili tena kwenye diski ya pili, ndipo ufomati kadi, tena ndani ya kamera yenyewe. Piga hesabu ya nafasi kabla ya safari: video ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hula takriban GB 45 kwa saa, hivyo diski ya TB 1 hujaa kwa saa 22 hivi.

Saa ya kamera ina vituko vyake, hasa huku mpakani. Burundi na mashariki ya Kongo wako saa moja nyuma yetu. Simu ikinasa mtandao wa ng'ambo, ziwani au upande wa Manyovu, na ikiwa imewekwa kujipangia saa yenyewe, klipu ya 08:30 itaandikwa 07:30 na haitakaa sambamba na ya kamera. Zima mpangilio huo siku ya kazi. Tena, faili nyingi za MP4 huhifadhi muda wa kimataifa, saa tatu nyuma ya wa Tanzania. Ngoma ya harusi iliyopigwa 01:30 usiku programu nyingine zitaionyesha kuwa ni ya jana. Folda ibebe tarehe shughuli ilipoanza, hata kama mlikesha. Na andika muda kwa mtindo wa 08:00, kamwe usiandike "saa 2", la sivyo mwenzako atajiuliza ni asubuhi au usiku.

Majina sasa. Folda:

2025-06-14_Kibirizi_dagaa

Klipu:

20250614_KIB_A_0034.MP4

Mwaka ukitangulia, kompyuta hupanga kwa tarehe bila kuombwa. KIB ni mahali (Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma), A ni kamera, 0034 ni namba iliyotoka kwenye kamera. Usiifute, ndiyo itakayokurudisha kwenye faili asilia. Usiache nafasi wala kuweka / : ? * ndani ya jina, Windows huzikataa hizo alama nne. Vifupisho vya mahali viandike kwenye karatasi moja na uvipime kwanza: MWA ni Mwanga au Mwandiga? Afadhali MWG na MWD. Kubadilisha majina mengi kwa mkupuo, PowerRename iliyo ndani ya PowerToys, programu ya Microsoft, ni ya bure na inatosha. Klipu ya Sony ukiibadilisha jina, badilisha na XML yake. Na kazi hii ifanyike kabla ya kuanza kuhariri. Mradi ukishafunguliwa kwenye programu ya kuhariri kama DaVinci Resolve au Premiere, kubadilisha jina la faili hukata uhusiano, na klipu huonekana kama hazipo.

Kisha orodha, kwenye Excel au LibreOffice Calc. Kupata majina yote bila kuandika kwa mkono, fungua dirisha la amri la Windows (cmd) ndani ya folda uandike:

dir /b /s *.mp4 > orodha.txt

Safu zinazohitajika ni namba ya klipu, diski, tarehe, mahali, kinachoonekana, umbali wa picha (mbali, kati, karibu), sauti, lugha inayozungumzwa, urefu, nyota na ruhusa. Kabla ya kuingiza chochote, weka safu za namba, tarehe na urefu ziwe maandishi. Usipofanya hivyo 0034 itageuka 34, na klipu ya dakika tano na sekunde kumi na mbili, 05:12, itasomwa kuwa ni saa tano na dakika kumi na mbili. Urefu uandike 00:05:12.

Safu ya kinachoonekana ndiyo roho ya orodha. Maneno sita hadi kumi: nani, anafanya nini, wapi, wakati gani. "Wavuvi wanashusha dagaa, mtumbwi, mwalo, alfajiri." Neno "nzuri" halisaidii hapo, nyota zipo kwa kazi hiyo.

Hapa ngeli zetu huleta shida ambayo miongozo ya Kiingereza haiijui. Ukitafuta "mvuvi", klipu iliyoandikwa "wavuvi" haitoki. Tafuta kiini cha neno: kwa Ctrl+F ndani ya Calc, "vuvi" huleta mvuvi, wavuvi na uvuvi, "tumbwi" huleta mtumbwi na mitumbwi, "chikichi" huleta mchikichi na michikichi. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows andika *vuvi*, kwa kuwa kwa kawaida chenyewe huanzia mwanzo wa neno. Ila "wanavua" haitanaswa, hivyo popote unapoandika kitenzi hicho ongeza "uvuvi" pembeni. Mwalo (sehemu ya ufukweni wanaposhusha samaki) na mialo hazina kiini cha maana cha kushika. Chagua "mwalo" daima, hata ikiwa ni mitano. Vivyo hivyo kwa visawe: jirani wa Burundi atasema ndagala, orodha yako iseme dagaa, sokwemtu iwe neno moja, lisikatwe. Maneno 40 hadi 60 yaliyokubaliwa, yakibandikwa ukutani, yanabeba kazi nyingi za huku.

Ruhusa usiipuuze. Andika nani alikubali na lini, na kwa mtoto, mzazi yupi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu si picha ya mandhari.

Jaza orodha usiku uleule, hata kwa klipu 60. Ikipita wiki, kijiji kimoja hufanana na kingine.

Diski zibandikwe namba kwa kalamu isiyofutika, D01, D02, na nakala D01B ikae nyumba nyingine. Orodha yenyewe isikae kwenye diski inayoorodheshwa tu. Iweke pia kwenye kompyuta na ujitumie kwa barua pepe kila Jumamosi. Ukihamisha folda kutoka D02 kwenda D05, sahihisha safu ya diski kabla hujachomoa waya.